Kiguu na Njia wa Bustani ya Mimea

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kiguu na Njia, alizaliwa tarehe 14 Julai 1956, mtoto wa nne wa seremala na mkunga. Bibi alisimulia kwamba siku aliyojua kutembea, ndiyo siku aliyotafutwa hadi kwa majirani.

Alisoma shule ya msingi na sekondari, akichagua daima dawati la mlangoni, kisha akahitimu chuo cha kilimo cha bustani mwaka 1977.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika bustani ya mimea, kwenye kitalu cha maua. Mwezi haukuisha akaomba apelekwe njia za msituni. Huko alifyeka, alipanga ngazi za magogo, aliongoza wageni kutoka bwawani hadi kileleni. "Jamani, mti huo haukimbii. Twendeni!" Alistaafu mwaka 2016. Kesho yake mlinzi alimkuta langoni.

"Mama, si tulikuaga jana?"

"Mliniaga mimi. Miguu hamkuiaga."

Baba, fundi viatu, alizifahamu soli zake kabla ya sura yake. "Dada, kwani unakanyaga misumari?" Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1981, mmoja wa kushinda kigodani, mwingine wa kushinda njiani. Jioni Baba aligeuza viatu na kujua mkewe alikopita: tope jekundu, alipita mtoni; vijiti vya mianzi, alivuka daraja la mbao. Mama hakupenda kurudi kwa njia aliyoendea. Alizunguka, hata kama mawingu ya mvua yametanda.

Novemba 2023 moyo ulianza kumsumbua. Daktari aliagiza asitoke kitandani, na Baba akavificha viatu.

"Fundi, viatu vyangu?"

"Bado nashona, mke wangu."

"Miezi yote hii? Unamshonea jongoo?"

Tulicheka, lakini Mama hakulala. Aligeuka huku na huku, akiuliza nani ameondoa matawi yaliyoanguka, nani amekaza mbao za daraja. Baba alikonda kuliko mgonjwa. Aliogopa kumpoteza njiani. Aliogopa pia kuwa yeye ndiye aliyemfungia.

Tarehe 2 Machi Baba alivitoa viatu uvunguni, vikiwa na soli mpya. Waliingia njia ya mianzi ya bustanini polepole, wameshikana. Penye daraja, Baba ndiye aliyeishiwa pumzi.

"Kaa hapo, Fundi. Nachungulia kona ile tu."

Baba alikaa, macho yamemtoka. Mama alichungulia kona, akasimama kitambo, kisha akarudi kwa njia ile ile, akaketi kando yake.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Machi 2024, Baba akiwa ameishika miguu yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Viatu vingali mlangoni. Baba hataki viguswe, na kila upepo ukigonga huinuka kufungua.

Sasa Mama apumzike, kwa amani. Kona zilizobaki tutazichungulia sisi.