Mlango Uliofunika Ubao

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena, na wewe mwanangu diwani zima hiyo simu, wakubwa zako watasubiri nife kwanza.

Karakana na vifaa vyote ni vya dada yako, maana ndiye aliyenishikia mbao tangu mikono yangu ilipoanza kutetemeka. Wewe una suti na kiti cha kuzunguka, vinakutosha. Nyumba mgawane. Dukani sidaiwi, ila mji huu unanidai, na deni hilo mlijue kabla sijanyamaza.

Sheria ilipotoka kwamba halmashauri ibandike matumizi yake mahali penye watu, mwenyekiti wa wakati ule, yule tuliyemwita Bwana Shukrani kwa jinsi alivyoshukuru kila kitu isipokuwa kazi, aliniita nitengeneze ubao wa matangazo. Nikautengeneza vizuri, nikaupigilia kwenye ukuta wa korido. Kesho yake akaniita tena nigeuze bawaba za mlango wa masjala, ufungukie upande wa ubao, kisha wakauwekea jiwe usijifunge. Asubuhi hadi jioni mlango wazi, ubao umefunikwa. "Tumeambiwa tubandike," akasema, "hatukuambiwa wasome." Wakacheka, watu wazima wale, wakijiona werevu kwa kuficha karatasi nyuma ya mlango. Nami nikacheka nao. Hilo ndilo linalonichoma.

Maana nilipokuwa nakaza skrubu niliisoma ile karatasi, pengine peke yangu mji mzima. Iliandikwa kwamba paa la zahanati limetengenezwa, kazi imekamilika. Msimu ule wa mvua mama yenu alilazwa kwenye zahanati hiyo hiyo, beseni limewekwa juu ya blanketi lake kukinga matone, akashikwa na homa ya mapafu iliyomuua. Mimi nimekaa pembeni ya kitanda, najua kilichoandikwa, nimefyata mkia.

Na jana wewe, damu yangu, unakuja kunieleza kwamba halmashauri itagharamia mazishi yangu, hema, viti na jeneza, na nilipokuuliza kwa nini lile paa limeandikwa tena mwaka huu ukasema, "Baba, hayo ni mambo ya ndani." Mambo ya ndani, na wagonjwa wanalowa mpaka leo. Wale nimewadharau miaka yote hii, sipendi nikuweke kwenye fungu lao.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Jeneza atanitengenezea dada yako, mbao ziko karakana. Senti ya halmashauri isinikaribie. Na wewe, kabla hawajanifukia, utasimama hapo kaburini na karatasi ya mwaka huu, uwasomee watu mstari kwa mstari, paa likiwemo.

Radhi yangu mnayo wote wawili, Mungu awatunze, msije mkagombana kwa ajili ya... pumzi inanikatika. Niinueni kidogo, nimwone huyu diwani usoni.

Utasoma?

Binti yangu, usimjibie.