Gitaa la Mkono wa Kushoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe tena na nyinyi mliokosa viti mkasimama mlangoni! Najua wengi mmekuja kusikia jinsi mkono wangu wa kulia ulivyopona. Mmeuombea miezi minane. Mama Riziki amefunga siku tatu kwa ajili yake. Basi mnivumilie, maana ushuhuda wangu unaanza na aibu: mkono huu haukuwahi kuugua.

Niwaeleze polepole.

Miaka ishirini iliyopita nilikuwa na bendi katika hoteli moja ya Diani. Kazi yetu ilikuwa kuwapigia wageni nyimbo za kuwakaribisha, lakini moyoni tulitaka roki, ile nzito, ya gitaa linalonguruma. Hoteli ilipofungwa msimu wa mvua, meneja alituachia chumba kitupu. Tuliegemeza magodoro ya wageni ukutani ili sauti isirudi, tukarekodi wiki tatu. Wakati wa adhana tulinyamaza, kwa heshima, na pia kwa sababu maikrofoni zingeinasa. Albamu tukaiita Bamvua, kwa jina la yale maji makubwa yanayojaa hadi juu na kutoka hadi mbali.

Mnaoijua mnalijua gitaa linaloifungua. Ndugu zangu, anayelipiga si mimi! Ni Mwanamkasi wa Kibuyuni, aliyekuwa dobi pale hotelini. Alijifunza kwa gitaa la marehemu mjomba wake, na kwa kuwa ni mtu wa mkono wa kushoto, aliligeuza tu, nyuzi zikabaki zilivyo. Msiopiga gitaa nawafafanulia: sisi wengine mkono ukishuka hugusa nyuzi nene kwanza, nyembamba mwisho. Wake ulianza na nyembamba, halafu uzito ukaanguka nyuma, kama mlango wa chuma unaofungwa. Nimejaribu miaka yote hii. Sijaweza.

Siku ya kuandika jalada niliandika: gitaa, Mwero, yaani mimi. Nilimwambia Mwanamkasi kwamba watu wangetucheka wakisikia gitaa limepigwa na dobi, na kwamba jamaa zake wangeona haya. Nikamwahidi jina lake katika toleo la pili. Alinitazama, akasema niandike nionavyo, akarudi kwenye mashuka yake. Wenzangu wa bendi walinyamaza kwa ajili yangu. Baadaye hoteli ilimwachisha kazi, akarudi Kibuyuni kulima mwani.

Mwanzoni albamu haikupendwa. Watangazaji wa redio walisema ni kelele, mchungaji wetu wa wakati ule alisema ni ngoma ya mapepo, na meneja yuleyule wa magodoro alikataza isipigwe wageni wakila. Lakini miaka ilivyopita, vijana wa Ukunda walianza kurushiana nyimbo zake kwa simu. Leo inajulikana kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, na nimeona bibi harusi akiitikisia kichwa mpaka shela ikaanguka. Toleo la pili likatoka. La tatu likatoka. Jina likabaki langu.

Vijana wakataka niwafundishe. Binti mmoja wa Msambweni, Zuhura, alivitazama vidole vyangu, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona kwenye albamu mkono hauendi hivyo?"

Nikamjibu kwamba mkono unaniuma. Kesho yake nikanunua bendeji, na nikaivaa miezi minane. Nilipoifua, niliianika chumbani, majirani wasione.

Nanyi mkaniombea. Jumapili ile Mama Riziki aliponishika kifundo cha mkono akilia, nilitamani sakafu inimeze. Mjane mwenye njaa ya siku tatu anamwomba Mungu aiponye bendeji! Jumatatu nikaenda Kibuyuni.

Nilimkuta Mwanamkasi barazani na wenzake, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Niliwaamkia. Akautazama mkono.

"Umevunjika kwa kubeba jina langu?"

Wenzake wakacheka, kumbe wote walijua. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Alinikatiza bila kuiacha kamba yake.

"Mwero, mimi ninajua nilichopiga. Waambie wasiojua. Halafu urudi."

Nilikuwa nimetumaini kusamehewa kimyakimya, niende zangu. Lakini Jumamosi ile ilikuwa sherehe ya miaka ishirini ya albamu, pale Diani, na mimi ndiye mgeni wa heshima. Nilipanda jukwaani, nikaifungua bendeji mbele ya watu, nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Kuna waliotoka. Mwandalizi alinipokonya maikrofoni. Ndipo nikamwona Zuhura mstari wa mbele, ameligeuza gitaa lake, anajaribu. Mkono ukashuka: nyembamba kwanza, uzito nyuma. Alikosea kidogo, lakini kila mtu aliitambua sauti ile. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, niliisikia bila kuogopa.

Nikarudi Kibuyuni. Mwanamkasi alinipa kamba. Nilifunga mwani tangu asubuhi hadi adhuhuri, vidole vikavimba. Mwishowe alikagua kazi yangu, akasema, "Mkono mzima kabisa huu. Nenda nyumbani." Hivyo ndivyo nilivyosamehewa.

Toleo jipya lina jina lake, na Zuhura anakwenda kwake kujifunza siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, kwa sababu wakati wa bamvua mwalimu yuko shambani baharini.

Ndugu yangu, dada yangu, huenda nawe una kitu cha mtu umekivaa muda mrefu hadi unaombewa nacho. Usiogope. Nilidhani nikiifungua bendeji nitabaki bila kitu. Nimebaki na mkono. Mwamini Mungu, nenda kwa mwenye haki yake, na ukifika, uwe tayari kupewa kazi.

Mama Riziki, bendeji hii hapa, naiweka mezani. Nisamehe zile siku tatu. Ulimwomba Mungu aufungue mkono huu, mama, na ameufungua.