Mkono wa Mama Marie-Jeanne Shavuni

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wetu wa Tshopo, Padri paroko, masista wa maternité yetu hii ya kuzalia, Papa Clovis wa kamati, na ninyi mama zangu mlioketi na matumbo yenu: Mungu asifiwe!

Leo, mwaka mmoja tangu zile siku sita za mabomu, tunamuaga Mama Marie-Jeanne, mzalishaji wetu kwa miaka thelathini na mmoja, anayestaafu. Najua pia kwamba sherehe ikiisha, Papa Clovis atapanda ngazi aiondoe picha yake ukutani. Bon, simlaumu. Wajawazito wanaikimbia. Nyota, huyu binti mwenye mimba ya kwanza, aliniambia, "Mama Claudine, huyu ameshika tama. Nani atazaa mbele ya matanga?"

Ni kweli, kichwa kimelala upande, macho yamefumbwa, kiganja kiko shavuni. Nani kati yetu hakukaa hivyo mwaka jana? Lakini tazameni tena. Mwenye msiba huegemeza kichwa juu ya mkono. Je, mkono huu umebeba kichwa? Hapana, unakandamiza! Mnaona vidole vinavyoziba sikio?

Mimi nilikuwepo, ndugu zangu. Nilikuwa nazaa mtoto wangu wa saba, mabomu yakipita juu ya paa, na mtoto alikuwa ametulia tumboni tangu asubuhi. Nilipiga kelele, hata mume wangu nikamtukana, Mungu anisamehe. Mama Marie-Jeanne akasema, "Claudine, nyamaza! Mabomu yanatosha!" Akainama na kile kipembe cha mbao cha kusikilizia watoto tumboni: sikio moja juu ya tumbo langu, la pili akaliziba kwa mkono, asikilize moyo mdogo katikati ya vita. Nikasali Salamu Maria tatu nzima. Halafu akacheka. "Iko napiga! Moyo iko napiga! Sukuma, mama!"

Feruzi mchoraji, aliyejificha nasi pamoja na mke wake, aliona yote. Alichora picha hii juu ya mfuko wa unga, na mfuko ukaisha kabla ya habari. Kwa hiyo, pale fremu inapoishia, ndipo tumbo langu linapoanzia!

Matanga gani hayo? Mtoto mwenyewe ni Benie, yule pale anayevuta tai ya Papa Clovis. Wako tisa waliozaliwa siku zile, na wote tisa wanakula lituma, ndizi zetu za kuponda, hadi leo. Aleluya!

Papa Clovis, mbele ya Padri nakuomba: picha ibaki. Nyota, mwanangu, saa yako ikifika... Lakini unaenda wapi na tumbo hilo? Aa! Amekalia ngazi! Papa Clovis, mwondoe ukiweza.

Mama Marie-Jeanne, pumzika kwa heshima. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.