Risala ya Watu wa Chumba cha Pasi, Siku ya Kuzindua Awamu ya Pili ya Kutufikia

Mgeni rasmi, Baba Askofu, wachungaji na wazee wa kanisa, viongozi wa Idara ya Kuwafikia Watafutaji, wanakwaya, na ninyi majirani mliosikia muziki mkaja kuona kuna nini:

Sisi ni watu kumi na mmoja tunaokutana kila Alhamisi asubuhi katika chumba cha kupigia pasi, nyuma ya duka la dobi. Dobi mwenyewe ndimi ninayewasomea. Wenzangu wamenichagua kwa kuwa sauti yangu imezoea kushindana na mashine.

Karibu sana, Baba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi, tusikufiche, tunaumwa.

Tunaishukuru Idara kwa kutuletea risala hii ikiwa imekwisha kuandikwa. Tumeisahihisha kidogo. Neno "giza" lilikuwamo mara saba. Tumeliondoa, maana chumba chetu kina madirisha mawili makubwa. Palipoandikwa "tulikuwa tumepotea" tumepafuta pia. Duka lipo palepale kwa miaka kumi na minne, na Idara ilipotujia haikuuliza njia.

TULIVYOANZA

Baba Askofu, hatukuanza kama kikundi. Alikuja mteja. Ni dada mmoja, mpishi wa hospitali, aliyeleta vinguo sita vya mtoto mchanga. Akaniambia, "Vifue kwa sabuni isiyo na manukato. Sitaki harufu yake iishe yote." Mtoto wake alikuwa amefariki wiki mbili kabla, akiwa na miezi minane.

Hakuondoka. Alisimama kaunta akaniuliza, "Alikufa hajabatizwa. Sasa yuko wapi?"

Mimi ni dobi. Najua kutoa doa la mafuta na la kutu. Hilo sikulijua. Nilizima pasi, nikamvutia kiti, tukakaa.

Alhamisi iliyofuata alirudi, akamkuta mwalimu wa hesabu mstaafu akingoja suruali. Mwalimu akasikiliza, akasema, "Mimi kanisani nilishatoka zamani, ila na Mungu bado hatujamalizana." Naye akavuta kiti. Baadaye akaja dereva wa gari la wagonjwa, kisha fundi cherehani na mama mkwe wake, na wengine. Tulikuwa tunasoma kidogo, tunaulizana, tunanyamaza. Wengine waliomba, wengine waliangalia mvuke wa pasi. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Ndipo tukafikiwa.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, na hatutaki tuonekane wakosefu wa shukrani. Idara ilileta vipaza sauti vinne katika chumba chenye viti kumi na kimoja. Tulihubiriwa kwa ukaribu huo mpaka vifungo vikadondoka mezani.

Tulijaziwa dodoso. Swali la tatu liliuliza, "Kiu yako ya kiroho ni kubwa, ya wastani au ndogo?" Dereva akajibu, "Andika ya wastani, nimetoka kunywa chai." Ikaandikwa.

Tulipewa fulana zenye neno NIMEFIKIWA mgongoni. Kwa ushahidi wa kitaalamu, Baba, herufi zile zilitoka zilipofuliwa mara ya kwanza.

Taarifa ya mwaka inasema katika duka letu wamefikiwa watafutaji mia mbili na kumi na wanne. Mwalimu alipiga hesabu akaona kwamba kila mmoja wetu amefikiwa mara kumi na tisa na ushei. Fundi cherehani akasema sasa anaelewa kwa nini anachoka.

CHANGAMOTO

Hapa, Baba Askofu, tunaomba utuvumilie.

Siku ya pili ya kufikiwa kwetu, Mwinjilisti Mkuu aliuliza nani ana swali. Dada mpishi akanyoosha mkono. Ujue, Baba, hakuwa amelia mbele ya mtu tangu mazishi. Akauliza lilelile: mtoto wangu yuko wapi?

Mwinjilisti akasema, "Swali zuri sana! Ukurasa wa saba." Akafungua kijitabu, akasoma mistari minne, akakifunga. "Kuna jingine?"

Dada akaanza kulia. Mpiga picha wa Idara akapiga magoti mbele yake, akampiga picha tatu. Hakumwomba ruhusa. Tuliokuwapo tulidhani ni taratibu zenu, tukanyamaza. Kwa hilo na sisi tuna lawama, na hapa tunaikiri.

Wiki tatu baadaye picha ile ilibandikwa ukutani, mkabala na jiko la hospitali anakofanya kazi. Ilikuwa kubwa kuliko mlango, na chini yake imeandikwa: KUTOKA KILIO HADI KICHEKO. Wenzake jikoni walikuwa wakimuuliza, "Kicheko chenyewe kiko wapi?" Akaacha kupita barabara ile. Akaacha Alhamisi. Vinguo vya mtoto akaviacha kwangu.

Mnaye, Baba, mchungaji msaidizi mmoja, mtu mzima, mfupi, mwenye kikohozi. Alileta kanzu yake kupigwa pasi, akauliza mbona kiti kimoja kitupu. Nikamweleza. Akasema, "Nipeleke."

Tulimkuta dada nyumbani kwake, anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Na wewe umekuja na ukurasa wa ngapi?"

"Sina ukurasa, mama," alisema. "Sijui alipo. Natumaini yuko katika mikono salama. Lakini kujua, sijui."

Kisha akakaa chini, kwenye mkeka, akakohoa. Dada akamtazama kwa muda mrefu, akaondoka kwenda kumchemshia maji. Aliporudi alikuwa anazungumza. Alitusimulia jinsi mtoto alivyokuwa akipiga chafya kila akitolewa juani, chafya mbili, kamwe si tatu, na jinsi alivyoshtushwa na chafya zake mwenyewe. Akacheka. Akalia. Mchungaji naye akalia, bila kutoa kijitabu wala kitambaa. Tulikaa hapo mpaka adhuhuri.

Alhamisi iliyofuata dada alirudi, akachukua vinguo vyake.

Mchungaji alijaza fomu yake kwa uaminifu. Penye "Idadi ya waliofikiwa" aliandika: hakuna. Penye "Maoni" aliandika: nimekaa na mmoja. Mwezi haukwisha akahamishiwa stoo ya viti na maturubai. Viti mlivyokalia leo amevipanga yeye, na kwa kweli vimenyooka.

MAOMBI

Rasimu tuliyoletewa iliomba vipaza sauti viwili vya ziada. Hilo tumelifuta.

Tunaomba mchungaji yule atolewe stoo. Hatusemi aletwe kwetu afanye kazi. Aachwe tu awe na Alhamisi zake. Viti havina maswali, Baba. Sisi tunayo.

Tunaomba watumishi wenu wakija, waje kweli. Hatujawafungia mlango, na wako kati yetu wanaolipenda neno lenu kuliko wanavyoonyesha. Lakini mtu anayetafuta si mbuzi aliyekata kamba, kwamba ukimkamata kazi imekwisha.

Ombi la mwisho halihitaji kikao. Baba Askofu, nyuma ya kiti chako kuna bango la uzinduzi. Ulipoingia uliketi ukiwa umeligeuzia mgongo, si kosa lako, ndivyo kiti kilivyowekwa. Uso uliomo humo ni wa dada mpishi. Hakuja leo. Alituambia, "Nendeni ninyi. Mimi tayari nimo mle ndani."

Tunakuomba usimame, ugeuke, umtazame kwa muda ambao ungemtazama mtu aliyekaa mbele yako. Halafu umshushe. Usimwagize mtu; umshushe wewe. Ngazi tumekuja nayo, iko hapo mlangoni, na dereva wetu ataishikilia isiyumbe.

Mungu, ambaye wengine wetu tunamjua na wengine bado tunamuulizia, akupe miguu imara ya kupandia na mikono myepesi ya kukunjia. Awape amani wote wenye swali wasiloweza kulilaza.

Hatuna zaidi. Tunasubiri, tukiwa tumesimama.

Ni sisi,
Watu wa Alhamisi, Chumba cha Pasi.