Mwangaluka, Mama Avelina

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Avelina Kapele atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita ya kukusanya maziwa kwa ajili ya kiwanda chetu cha hapa Sumbawanga. Siku hiyohiyo atakabidhi pikipiki, koti la mvua na keni zake. Ratiba ya hafla inasema anastaafu kwa hiari. Nimeambiwa niandike hivyo, na nimeandika. Hiari yenyewe mtaiona mbele ya safari.

Mimi ni Shedrack, mpimaji wa maziwa pale mapokezi. Kila keni aliyoileta Avelina ilipitia kwangu kwanza. Nachovya kipimo, nachanganya maziwa kidogo na spiriti nione kama yanaganda, ndipo nayaruhusu yaende kwenye tangi la kupozea. Kamati ya hafla ilinichagua kwa sababu, kwa maneno yao, nina kalamu nyepesi. Waliniomba pia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini mniwie radhi mapema.

Avelina alizaliwa katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi, akaolewa Chanji, hapa mjini, akafiwa na mume watoto wakiwa bado shule ya msingi. Kazi hii ndiyo iliyowasomesha watoto hao, ikaezeka nyumba, na sasa inawalisha wajukuu wawili anaoishi nao. Hana shamba la maana wala duka. Nalisema hili mwanzoni ili kila nitakapotaja kazi huko chini, msomaji akumbuke kwamba mama huyu hakuwa na nyingine.

Alipoanza alipewa njia ya Kaengesa, ambayo wanaume wawili walikuwa wameikataa kwa sababu ya tope. Walikuwa na haki ya kuikataa. Masika yake ya kwanza pikipiki ilimtupa mtaroni, keni ikafunguka, akaloa maziwa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi. Mbwa wa kijiji walimsindikiza karibu mpaka Malangali, huku mjini. Alifika kiwandani akiwa amechukia mno, akaniwekea keni tupu mezani na kuniambia, "Pima hiyo." Na katika baridi ya Juni, ile ya makoti mawili na bado meno yanagongana, yeye alikuwa wa kwanza kuondoka getini na wa kwanza kurudi.

Wengi wa waliompa maziwa ni Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao. Kwa Kisukuma Avelina alijua salamu moja tu, mwangaluka, ambayo ni ya asubuhi. Aliisema kwa lafudhi ya Kifipa kiasi kwamba, anasema mwenyewe, hata ng'ombe waligeuka kumwangalia. Siku moja pikipiki ilimharibikia, akafika alasiri nyumbani kwa Minza, mfugaji aliyekuwa akimpa maziwa mengi kuliko wote, akawasalimia mwangaluka vilevile. Nyumba nzima ilikufa kwa kicheko. Mama mkwe wa Minza, Bibi Ngollo, ambaye hana jino hata moja, akamwelekeza kwamba jua likishapinduka watu husalimiana mwadila.

"Bibi, hiyo kaa nayo mwenyewe," Avelina akamjibu. "Mimi ni mtu wa asubuhi. Jioni utanionea wapi?"

Na kweli alikuwa wa asubuhi. Utaratibu ulieleweka na kila mtu ingawa haukuandikwa popote. Maziwa ya asubuhi ni ya kiwanda, maziwa ya jioni ni ya nyumbani. Ya jioni ndiyo yanayoliwa na ugali, ndiyo yanayogandishwa, ndiyo yanayowanyamazisha watoto walale. Kwa Bibi Ngollo yalikuwa ndiyo chakula chenyewe, maana nyama na mahindi ya kuchoma alishaagana navyo zamani. Sisi kiwandani tulilijua hilo na hakuna aliyewahi kugusa maziwa ya jioni.

Kisha kiwanda kikapata wenye mali wapya, nasi tukapata tageti. Kila mkusanyaji alipangiwa lita zake za mwezi. Lita hizo zilikuwa zilezile Machi, majani yakiwa yamefika kiunoni, na zilezile Septemba, uwanda wote ukiwa umeungua na nusu ya ng'ombe wameteremshwa Bonde la Rukwa kutafuta malisho. Avelina alilieleza hilo kikaoni, akaambiwa analeta visingizio. Mwaka uliofuata akaeleza tena, akaambiwa ana mtazamo hasi. Mwaka wa tatu alikaa kimya.

Vikao vilikuwa kila Jumatatu, na jina lake liliandikwa ubaoni kwa wino mwekundu. Akaanza kuja Jumatatu na kitenge chake kizuri kuliko vyote, cha njano, cha kwendea Misa. Tulipomuuliza kulikoni, alisema, "Siku ya kufukuzwa nataka nitoke getini nimependeza." Tulicheka sana. Ikawa ndiyo utani wa kiwanda. Tukiona tu ile njano inaingia, tunamuuliza, "Mama, leo ndiyo leo?" Naye anatujibu, "Bado, subirini kidogo, na nyie mtapata zamu."

Kamati ingependa niishie hapo penye kicheko, lakini nitakuwa nimewadanganya. Mama huyu aliacha kula chakula cha Jumapili jioni kwa sababu ya Jumatatu. Tumbo lilimsumbua mpaka akawa anatembea na chupa ya dawa ndani ya koti. Kikao kikiisha alikwenda bombani na kuosha keni zilizokwisha kuoshwa, akizisugua kana kwamba uchafu uko humo. Aliwahi kuniambia kwamba alikuwa akisimamisha pikipiki njiani, mahali pasipo na nyumba, akalia, halafu akaendelea na safari. Huku Ufipa upepo unatosha kuwa sababu ya macho mekundu. Hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo.

Mwaka juzi, kiangazi, akapewa barua ya onyo la mwisho. Meneja wetu, Bw. Gabriel, ambaye naye atakuwepo kwenye hafla na nimemsomea aya hii, alimwita ofisini. "Mama, mimi nakuheshimu kama mzazi wangu," alimwambia. "Lakini hata mimi nina bosi. Nakupa miezi mitatu. Ukikosa, sina la kukufanyia." Sidhani kama alisema uongo. Nilimwona baadaye amesimama peke yake nyuma ya tangi, ameshika kichwa.

Avelina hakwenda bombani siku hiyo. Alikuja kukaa juu ya kreti pale mapokezi, kitenge cha njano kimebanwa magotini.

"Shedrack, kwenye njia yangu maziwa mengine yako wapi?"

Jibu tulikuwa nalo wote wawili.

"Yako jioni," akajijibu mwenyewe.

Wiki hiyohiyo akaacha kwaya ya parokia, maana mazoezi ni jioni. Akawasha pikipiki jua likiwa limeinama, akaenda kwa Minza, na akiwa njiani akawa anairudia salamu asije akakosea. Akafika, akasema mwadila. Hakuna aliyecheka. Minza alimpa maziwa. Angemnyimaje? Huyu ndiye mtu aliyembeba kwa pikipiki hiyohiyo kwenda hospitali uchungu ulipomshika, ndiye aliyekuwa akiwaletea dawa za ng'ombe kutoka mjini. Nyumba nyingine nazo zikatoa, moja baada ya nyingine, kwa sababu ileile. Walimwonea haya. Avelina alilijua hilo, akaendelea kukinga keni.

Nikawa namsubiri mapokezi giza likianza kuingia. Maziwa ya jioni yakilala bila kupozwa hayapiti kwenye spiriti, kwa hiyo ilibidi yafike siku hiyohiyo. Yalikuwa maziwa mazuri, mazito, yakapita yote. Miezi mitatu ikaisha na lengo likafikiwa, tena likapitwa. Akapewa cheti na kukatiwa keki, akapigwa picha na Bw. Gabriel, picha ile iliyotundikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi. Ikiwa umewahi kuiangalia kwa makini, utaona kwamba hacheki.

Mwezi uliofuata makao makuu wakapandisha lengo lake. Walisema imethibitika kwamba njia ya Kaengesa ina uwezo.

Sasa nifike kwa Bibi Ngollo. Jioni moja Avelina alimkuta amekaa mlangoni na bakuli la ugali mapajani, na pembeni mlenda uliopoa. Hakuwa anakula. Avelina akamsalimia kwa heshima zote, shikamoo na mwadila yake. Bibi akamwangalia sana, akacheka kwa ufizi, kama anavyowatania watu siku zote.

"Wewe zamani ulikuwa unakuja na asubuhi," akamwambia. "Siku hizi unakuja na njaa."

Avelina alinisimulia hayo usiku ukiwa haujaingia bado, kipimo changu kikielea ndani ya maziwa ya nyumba hiyohiyo. Nilitaka kumwambia bibi anatania tu. Akaniwahi. "Alikuwa anatania," akasema, "ndiyo maana nimeshindwa hata kujitetea." Kisha akaniuliza kama naweza kuyakataa maziwa yale, niseme yameganda. Hayakuwa yameganda. Niliyapitisha, yakaenda kwenye tangi. Toka siku hiyo hakurudi kwa Minza jioni. Ofisini alisema ng'ombe wa pale wamekauka.

Nyumba moja ikipungua kwenye njia kama ile, lengo linakuwa ndoto. Wino mwekundu ukarudi, kitenge cha njano kikarudi, na utani wetu ukashindwa kurudi. Mwezi wa nne mwaka huu aliwekewa mezani mambo mawili. Aondolewe kazini kwa utendaji duni, au, kwa kuwa umri wa kustaafu kwa hiari amekwisha kuufikisha, aandike mwenyewe kwamba anaomba kupumzika, na afanyiwe hafla. Aliomba aongezewe muda mpaka mvua za mwisho wa mwaka, ng'ombe wapandishwe kutoka bondeni. Aliomba mara mbili, na mara ya pili alipiga magoti. Akakataliwa kwa upole, akachagua yenye keki. Hiyo ndiyo hiari niliyoahidi kuwaonyesha.

Nilipomwambia nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alinipa masharti mawili. La kwanza, cheti kile kisitajwe. Kamati nayo ilitaka kiwe kwenye aya ya kwanza kabisa. Nimekificha katikati, mnisamehe pande zote mbili. La pili alilisema huku ananishika mkono: "Usiniandike kama mtakatifu. Niliacha nyumba moja tu, kwa sababu ya yule bibi. Jioni za nyumba nyingine nimechukua mpaka wiki iliyopita. Na hata kwa bibi, wangeniambia nabaki kazini nikirudi pale, sijui kama nisingerudi. Ninao wajukuu." Nimeliandika kama alivyolisema.

Nilimuuliza atafanya nini kuanzia Julai. Akasema atalala mpaka jua litoke, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mjane. Nikamuuliza na baada ya kulala. Akatazama nje, kule zinakoegeshwa pikipiki, akasema hajui. Ameuliza parokiani kama jikoni wanahitaji mtu, wakamwambia watamwita. Sina habari nyingine ya kufurahisha zaidi ya hiyo. Kwaya wamekubali arudi, sauti ya pili, nafasi yake hawakumpa mtu.

Makao makuu wameleta mashine inayopima maziwa yenyewe, kwa hiyo mapokezi hapahitaji tena Shedrack. Kuanzia Jumatatu ya baada ya hafla njia ya Kaengesa ni yangu, na lengo nimekwisha kulisaini, lilelile lililopandishwa baada ya keki. Ndani yake mna jioni za nyumba zote, na ya Minza imo. Mama, uliposema na sisi tutapata zamu nilidhani ni utani.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa tope ulilokanyaga, kwa keni ulizoosha mara mbili, na kwa kutuchekesha siku ambazo wewe mwenyewe hukuwa na la kuchekea. Tunakutakia maisha mema, Mama Avelina, yenye usingizi wa asubuhi na jioni za kuimba.

Juzi alinipitisha njia nzima kunionyesha mashimo na mbwa wakali. Tulipokaribia kwa Minza nikamwambia mwangaluka naijua, inanitosha, ile nyingine asinifundishe. Alikaza kifuniko cha keni ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Halafu akanifundisha, akanifanya niirudie tena na tena mpaka nikaitamka sawasawa.

Hafla itaanza saa kumi alasiri, jua likiwa limepinduka. Kwa hiyo salamu yangu kwako siku hiyo ni hiyo uliyonifundisha: mwadila, mama.