Fundi Sufuria, Aliyejenga Milima Sebuleni

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa pili wa dada yangu. Kwa wasionijua, mimi ndiye mjomba. Akili alizitoa upande wetu. Upande wa baba yake walichangia urefu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akasonga mbele hadi shahada ya uhandisi wa mawasiliano mwaka 2003. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa hiyo alisoma na sehemu yangu.

Mwaka 2004 aliajiriwa chuo kikuu kama mtafiti. Kazi yake ilikuwa mitandao isiyo na waya wala mnara, ambayo visanduku vyake hupokezana ujumbe, jirani kwa jirani. Kuijaribu nje kunataka milima na mabonde. Yeye aliijaribu nyumbani kwake, na ili visanduku visisikiane vyote kwa pamoja, alivifunika kwa sufuria.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mwenye sufuria hizo. Siku moja mkewe aliulizia ile kubwa.

“Hiyo sasa ni mlima, mke wangu.”

“Haya. Jioni utakula mlima.”

Ndipo nikampa jina la Fundi Sufuria.

Juni 2022 figo zilianza kumsumbua. Sindano hazikumtisha. Kilichomnyima raha ni kwamba kisanduku cha katikati kikizimwa, ujumbe ulipotea badala ya kutafuta njia nyingine. “Mmoja akiondoka wote wawe bubu?” alikuwa akisema. “Basi sijajenga kitu.” Akaendelea kurekebisha akiwa kitandani, kompyuta juu ya magoti, madaktari wakimgombeza bure.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, alimpigia mkewe simu kutoka hospitali, mimi nikiwa nimemshikia. Akamwambia azime cha jikoni. Ujumbe ukafika chumbani. Akamwambia azime na cha katikati, kile cha sebuleni. Nikaongeza sauti ya simu.

“Umefika, Baba Watoto. Umezungukia chumba cha watoto.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Mjomba, kata simu. Sasa naweza kulala.”

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei, asubuhi.

Ameacha mama, mjane, binti wawili, kaka mmoja, wanafunzi sita wanaoendeleza kazi yake, na mjomba aliyetarajia mpwa amzike, si yeye kumzika mpwa.

Lala kwa amani, mpwa wangu. Ulichojenga kimesimama.