Mara ya Tatu Tunamuaga Mwalimu wa Upasuaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo chetu cha Tiba ya Mifugo, walimu wachache mliobaki, wanafunzi wengi mliojaa hadi madirishani, ndugu wageni waalikwa: habari za mchana.

Mimi ni mke wa huyu mnayemuaga. Nimeombwa niseme machache, na kwa kuwa sherehe hii ni ya tatu, mazoezi ninayo.

Alipostaafu mara ya kwanza, Mkuu alikuja nyumbani siku ya nne, akasifu chai yangu, akaondoka na mume wangu. Mara ya pili hakungoja hata chai. Nani angemlaumu? Mwalimu wa kuku alikuwa amehamia kampuni ya dawa, wa magonjwa ya ng'ombe amekwenda ng'ambo, na mume wangu, fundi wa kisu, akabaki na masomo yote matatu. Asubuhi moja alichanganya madaftari, akafundisha saa nzima namna ya kumzalisha kuku kwa upasuaji. Nanyi wanafunzi, kwa adabu zenu, mkaandika kila neno.

Nilicheka sana. Kisha siku moja nikamwona anashindwa kufunga vifungo vya koti kwa uchovu. Hapo kicheko kikanikauka.

Basi mwezi uliopita, bila kumwambia, nilimfuata yule binti, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye mume wangu amekuwa akimsifu miaka yote. Nilimkuta mjini anauza chakula cha mifugo, pumba zimemjaa hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza, daktari mzima kama yeye, kwa nini hakurudi chuoni kufundisha. Alifunga gunia lililokuwa mbele yake, polepole, ndipo akanijibu.

"Mama, hakuna aliyewahi kuniita."

Mheshimiwa, niliambiwa tangazo la kazi lipo tangu miaka sita iliyopita. Nimelitafuta mwenyewe. Lipo kweli, limebandikwa vizuri, nyuma ya kabati la ofisi.

Binti huyo ameketi safu ya tatu, na barua ya maombi anayo. Mume wangu ndiyo kwanza anamwona. Tazameni anavyopangusa miwani isiyo na vumbi.

Nashukuru mmenivumilia na kunisikiliza. Mkuu, kipaza sauti hiki hapa. Wewe mwite binti. Mimi namchukua mume wangu, na safari hii mlango nitaufunga kwa ndani.